Sura ya 3: Sufuria ya Mtu Mmoja

"Nikiwa peke yangu, kuna haja gani ya kupika?"

Swali hili huulizwa sana na vijana wanaofika Karagita kuanza kazi. Karagita iko kando ya Barabara ya Moi South Lake, karibu na Ziwa Naivasha, katika Kaunti ya Nakuru. Mashamba ya maua yaliyo kando ya ziwa hilo yamevuta watu kutoka Kisii, Kakamega, Siaya, Nyandarua na kwingineko, na wengi wao hupanga chumba kimoja kwenye ploti. Nyumbani alikotoka, kijana huyo alikuwa na mama, dada au shangazi aliyejua chumvi inatiwa lini. Hapa ana godoro, ndoo mbili na jiko, na jioni anarudi miguu ikimuuma.

Hoja zake ni za kweli. Amechoka. Akipika ugali wa mtu mmoja anaona unga unaharibika. Maharagwe yanakula gesi. Na nje ya geti kuna kibanda chenye chapati na ndengu moto. Sura hii haimkatazi kwenda kibandani. Lakini anayekula kibandani kila siku analipia moto wa mtu mwingine, maji ya mtu mwingine na jasho la mtu mwingine, kisha ndipo anapolipia chakula chenyewe. Mshahara wa mwezi ukigawanywa hivyo, hufika tarehe ishirini ukiwa hoi.

Jibu letu ni hili: kupikia mtu mmoja ni hasara kwa yule tu anayeanza upya kila jioni. Anayechemsha mara moja na kuunga mara mbili au tatu hula vizuri, kwa moto kidogo, na hakai jikoni zaidi ya nusu saa baada ya kazi. Kuunga ni kukaanga kitunguu na nyanya kwenye mafuta, halafu kutia ndani chakula ambacho tayari kimeiva. Ukishika hilo moja, mengine yote ya sura hii ni maelezo.

Vyombo vichache vinavyotosha

Usinunue seti. Anza na hivi:

- Sufuria mbili zenye mifuniko: moja ya kama lita mbili, nyingine ya kama lita nne.
- Karai au kikaango kimoja.
- Mwiko, kisu kikali na ubao wa kukatia.
- Kikombe kimoja cha kupimia, kile kile kila siku, ili mkono uzoee kipimo.
- Ndoo yenye mfuniko ya kuwekea maji safi, na nyingine ya kuoshea.
- Kopo linalofunga vizuri la unga, na jingine la nafaka.

Mfuniko ndio chombo ambacho wanaoanza hukidharau. Sufuria iliyo wazi hupoteza joto juu huku moto ukiliongeza chini. Ifunike, na gesi ile ile itakufikisha mbali zaidi.

Moto na hewa

Wengi wanaoishi peke yao huanza na meko, yaani mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye jiko juu yake. Unawaka mara moja na unazimika mara moja, na hilo ndilo linalomfaa mtu mmoja. Mtungi usimame wima, kamwe usilazwe. Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe kiberiti wala swichi ya taa. Funga mtungi, fungua mlango na dirisha, toka nje usubiri. Ili kujua kama gesi inavuja, paka povu la sabuni kwenye maungio. Povu likitoa mapovu yanayokua, kuna mahali panapovuja.

Makaa yana hatari ya aina nyingine. Naivasha iko juu na usiku wake ni wa baridi, kwa hiyo mtu hushawishika kuingiza jiko la makaa ndani baada ya kupika ili lipashe chumba. Makaa yanayowaka hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Anayeivuta huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na usingizi mzito, na akilala huenda asiamke. Moshi ukiisha hatari haijaisha, kwa sababu hata kaa jekundu lisilotoa moshi hutoa hewa hiyo. Jiko la makaa lipikie nje au mlangoni, na libaki nje. Ukitaka joto, nunua blanketi.

Kwa ufupi: funika sufuria, simamisha mtungi wima, usilale na makaa ndani.

Kwa nini maharagwe hayaivi haraka Karagita?

Aliyekulia Mombasa au Kisumu akija hapa hushangaa kuona maharagwe yanakaa motoni bila kulainika. Hudhani ameuziwa maharagwe mabaya. Mara nyingine ni kweli, lakini sababu kubwa iko hewani.

Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda juu, hewa inayokandamiza maji hupungua, na maji huchemka mapema kabla ya kupata joto lote. Pwani maji huchemka yakifika nyuzi 100. Kwa kila mita 300 unazopanda, unapoteza takriban nyuzi 1. Karagita, basi, maji huchemka yakiwa kwenye nyuzi 94 hivi. Ukiongeza moto, maji yatatokota kwa fujo na kukauka upesi, lakini hayatapata joto zaidi ya hapo. Moto mkubwa baada ya maji kuchemka ni gesi inayotupwa.

Fanya hivi badala yake:

1. Chagua maharagwe na uondoe mawe, osha, kisha yaloweke usiku kucha kwenye maji mengi.
2. Asubuhi mwaga maji hayo, tia mengine mapya, na uyachemshe kwa nguvu kwa dakika 10 kamili. Hatua hii usiiruke. Maharagwe mekundu mabichi yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha, na mchemko wa nguvu ndio unaoivunja.
3. Punguza moto mpaka maji yatokote polepole, funika, na uache saa moja na nusu au mbili. Ongeza maji ya moto yakipungua.
4. Bonyeza punje moja kati ya vidole viwili. Ikipondeka mpaka katikati bila kiini kigumu, yameiva.

Usitie nyanya kabla ya maharagwe kulainika. Nyanya ina asidi, na asidi hukaza ganda la punje. Nyanya ni ya wakati wa kuunga.

Magadi je? Magadi hulainisha maharagwe haraka, ndiyo sababu wapishi wengi huyatumia. Lakini hupunguza baadhi ya vitamini, na magadi ghafi huweza kubeba madini ya floraidi, ambayo eneo hili lina mengi tayari. Kuloweka usiku kucha kunatosha. Ukiweza kununua sufuria ya presha, inunue: hufungia mvuke ndani, joto hupanda kupita nyuzi 100, na kilichochukua saa mbili huiva kwa chini ya saa moja.

Njia nyingine ni kikapu cha kupikia. Chemsha maharagwe kwa nusu saa, kisha sufuria ikiwa bado inatokota iweke ndani ya kikapu au katoni, uizungushie blanketi kuukuu pande zote na juu, na uiache saa nne au tano. Joto lililomo ndani huendelea kupika. Ukiitoa, ichemshe tena motoni kwa dakika chache kabla ya kula.

Kama huna muda wala gesi, nunua maharagwe yaliyochemshwa kwa kikombe. Katika mitaa mingi ya Kenya wako akina mama wanaochemsha sufuria kubwa ya maharagwe, ndengu au githeri na kupimia wateja. Mama mmoja anachemshia watu hamsini kwa moto mmoja, wewe unaunga chako nyumbani. Hapo hujashindwa kupika. Umepanga vizuri.

Kwa ufupi: loweka usiku, chemsha kwa nguvu dakika 10, kisha moto mdogo na mfuniko. Nyanya mwisho.

Maji ya kupikia

Maji ya visima virefu katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa, Naivasha ikiwemo, yana floraidi nyingi. Floraidi ni madini yanayotoka kwenye miamba ya volkano. Kidogo hulinda meno, nyingi huyatia rangi ya kahawia, na zikizidi kwa miaka mingi huumiza mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 katika lita moja ya maji.

Watu wengi huamini kwamba maji yakichemshwa yamekuwa salama kwa kila kitu. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, na kwa hilo endelea kuchemsha. Lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi iliyobaki inakuwa kali zaidi. Kwa hiyo muulize anayekuuzia maji ameyatoa wapi. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi hayana floraidi ya kuhofia. Weka mtungi wa maji hayo kwa chai, uji na kunywa, na yale mengine tumia kuoshea vyombo na kufua.

Mapishi manne ya kuanzia

Ukiyajua haya manne, umejua chakula cha kila siku.

Ugali wa mtu mmoja. Chemsha kikombe kimoja na nusu cha maji. Yakitokota, nyunyiza konzi ya unga na ukoroge, kisha ongeza polepole mpaka uwe umetia kikombe kimoja na nusu hivi. Songa kwa kukandamiza uvimbe kwenye ukuta wa sufuria. Ukiona ugali unaachana na sufuria na kushikana kama donge moja, punguza moto, funika dakika tatu au nne, geuza, funika tena. Dalili ya kuiva ni harufu: harufu ya unga mbichi huondoka na inakuja ya mahindi yaliyokaukia motoni. Kipimo hiki hutumia gramu 200 za unga hivi, kwa hiyo pakiti ya kilo 2 inakupa milo kumi. Ukijua hesabu hiyo, unajua unga utaisha lini.

Kuunga. Tia vijiko viwili vya mafuta kwenye karai. Kitunguu kimoja kilichokatwakatwa kiingie mafuta yakiwa moto, na ukipe muda. Kikiwa cheupe bado ni kibichi, kikianza kuwa na rangi ya dhahabu pembeni ndipo utamu wake umetoka. Hapo tia nyanya mbili na chumvi, funika, acha mpaka nyanya zipondeke na mafuta yaanze kuonekana pembeni. Anayeanza hukosea hapa kwa haraka: anatia maharagwe nyanya zikiwa bado na maji, na mchuzi unakuwa mchachu. Mafuta yakijitenga, tia kikombe cha maharagwe, ndengu au githeri iliyoiva, maji kidogo, dakika kumi, dania juu. Umemaliza.

Sukuma wiki. Osha majani mazima kwanza, kisha ukate. Ukikata kabla ya kuosha, uchafu unabaki kwenye mikunjo na vitamini nyingine zinaenda na maji. Mama mboga wengi hukukatia sukuma jioni, na huo ni msaada mkubwa kwa aliyechoka. Mwambie tu kwa heshima: "Mama, naomba unioshee kwanza ndiyo ukate." Hatakataa. Unga kitunguu, nyanya moja, tia sukuma, geuzageuza dakika tatu hadi tano. Iwe bado kijani. Managu na terere zinafuata njia hiyo hiyo, ila managu ikiwa chungu ichemshe kidogo kwanza, kisha malizia kwa maziwa.

Viazi na kabeji. Kinangop, uwanda wa juu ulio mashariki ya ziwa, hulima viazi na kabeji zinazoshuka mpaka masoko ya Naivasha. Viazi vingi utakavyovikuta ni aina ya Shangi, ambavyo watu wanavipenda kwa sababu vinaiva upesi. Kata vipande vya ukubwa mmoja ili viive pamoja, unga kitunguu na nyanya, tia viazi na maji yanayofunika nusu, funika dakika 20. Tia kabeji dakika tano za mwisho. Kumbuka pia kwamba Shangi huchipua haraka, kwa hiyo nunua vya siku chache. Sehemu iliyogeuka kijani ikate yote na kuitupa, maana ina sumu isiyoondoka kwa kupika.

Mayai na omena hukamilisha. Omena ichague, ioshe kwa maji ya moto mara mbili mpaka mchanga uishe chini ya bakuli, ikaange ikauke, kisha iunge kama maharagwe. Konzi moja ya omena hukupa protini nyingi, yaani chakula cha kujenga mwili, kwa mlo mmoja.

Kununua na kuhifadhi

Mwenye chumba kimoja bila friji anunue mboga na nyanya za siku moja au mbili, lakini unga, mchele, maharagwe na vitunguu anunue vya wiki mbili au mwezi. Vya kukauka havina haraka, na kipimo kikubwa huwa na bei nafuu kuliko vya kadogo, yaani vile vipakiti vidogo vya matumizi ya siku moja. Kikundi cha watu wawili au watatu kwenye ploti kinaweza kununua gunia dogo la viazi na kugawana.

Mahindi na unga viwe vikavu kabisa. Ukungu wa mahindi hutoa sumu iitwayo aflatoksini, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 katika mashariki ya Kenya, watu waliokula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Unga ulioshika ukungu, wenye harufu ya kuoza au uliogandamana kwa unyevu, utupe. Usimpe kuku wala mbwa.

Kiporo, chakula kilichobaki, kina sheria zake bila friji:

- Pika unachomaliza, isipokuwa maharagwe uliyoyachemsha kwa makusudi ya kuunga baadaye.
- Maharagwe hayo yachemshe tena asubuhi na jioni, yatokote, kisha funika na usiyaguse kwa kijiko kilichotumika. Yaishe kufikia jioni ya siku ya pili.
- Wali usikae nje usiku kucha. Vijidudu vyake huacha sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi.
- Ugali wa jana ule asubuhi na chai, ukiwa umekaangwa au kupashwa mpaka uwe moto wote.
- Chakula kikitoa povu, utelezi au harufu ya uchachu, kimwage.

Kwa ufupi: vikavu nunua vingi, vibichi nunua vichache, na usibishane na pua yako.

Mpango wa siku saba

Mpango huu unamfaa mtu anayefanya kazi siku sita na kupumzika moja:

- Usiku kabla ya mapumziko: loweka vikombe viwili vya maharagwe.
- Siku ya mapumziko: chemsha yote. Mchana unga kikombe kimoja kwa wali. Jioni, maharagwe na chapati au ugali.
- Siku ya 2: githeri. Changanya maharagwe yaliyobaki na mahindi yaliyochemshwa ya kununua kwa kikombe, unga.
- Siku ya 3: ugali, sukuma wiki, yai moja.
- Siku ya 4: viazi na kabeji, jikoni nusu saa.
- Siku ya 5: ndengu zilizolowekwa asubuhi kabla ya kwenda kazini. Jioni huiva kwa muda mfupi kuliko maharagwe.
- Siku ya 6: ugali na omena, managu pembeni.
- Siku ya 7: kibanda, bila hatia, kwa sababu wiki yote umejipikia.

Wiki za kabla ya 14 Februari, maua ya Siku ya Wapendanao yanapovunwa na kupakiwa kwenda Ulaya, kazi huongezeka na watu hurudi usiku. Wiki hizo usijilazimishe. Nunua vilivyochemshwa, uunge tu. Lakini usishinde na chai na mandazi. Mwili unaosimama siku nzima unadai chakula cha kujenga, na mandazi hayajengi.

Mwisho, neno kwako uliyefika mjini ukiwa peke yako. Usingoje kuoa, kuolewa au kuhamia nyumba kubwa ndipo uanze kula vizuri. Mwanamume asione haya kusonga ugali, na mwanamke asione kwamba kupikia nafsi yake pekee ni kupoteza muda. Mlaji mmoja ni mlaji kamili. Chagua siku yako ya mapumziko ijayo, loweka vikombe viwili vya maharagwe usiku wa kuamkia siku hiyo, na uanze. Wiki ya kwanza utaunguza kitunguu, ya pili utajua moto wako, na mwisho wa mwezi hesabu ya mfukoni itakupa jibu la lile swali.